Mjakazi wa Pandharpur na Mungu Aliyesaga Unga

Katika mji wa Pandharpur, kando ya mto Bhima, jimboni Maharashtra magharibi mwa India, imo hekaluni sanamu ya jiwe jeusi ya mungu aitwaye Vithoba, au Vitthal. Sanamu hiyo haikupanda mnyama wala haikuinua mkono wa kutisha. Imesimama wima juu ya tofali, mikono kiunoni, mfano wa mtu aliyebisha hodi akaambiwa angoje kidogo.

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa masimulizi ya wenyeji. Yasemekana palikuwa na kijana jina lake Pundalik, ambaye hapo kwanza aliwatesa wazazi wake, kisha akajuta, akawa mtumishi wao usiku na mchana. Siku moja mungu alikuja mlangoni kumtazama mwana huyo aliyegeuka. Pundalik alikuwa akiwakanda wazee wake miguu. Hakuinuka. Aliokota tofali, akalirusha nje, akamwambia mgeni asimame juu yake asichafuke kwa matope, angoje mpaka kazi iishe. Mungu akakanyaga tofali, akaweka mikono kiunoni, akangoja. Wacha Mungu wa Pandharpur husema kwamba angali anangoja hata leo.

Dini inayoanza na kisa cha namna hiyo haina budi kuitazama kazi ya nyumbani kwa jicho lake yenyewe.

Litajwapo neno guru, yaani mwalimu wa kiroho katika dini ya Kihindu, aghalabu fikra za watu humwendea mzee mwenye ndevu ndefu, aliyewaacha mke na watoto, akajipaka majivu, akaenda kuketi pangoni katika milima ya Himalaya. Walimu wa aina hiyo wamekuwapo tangu kale, na wapo hata sasa. Lakini tangu karne ya 13 walitokea katika nchi ya Wamarathi walimu wa aina nyingine kabisa. Namdev alikuwa wa ukoo wa washona nguo. Gora alikuwa mfinyanzi. Savata alilima bustani ya mboga, Narahari alikuwa sonara, Sena alikuwa kinyozi. Chokhamela alikuwa Mmahar, tabaka lililohesabiwa najisi, ambalo watu wake waliachiwa kazi ya kuondoa mizoga ya ng'ombe. Watu hao hawakukimbilia pangoni. Walibaki na wake zao, watoto wao na madeni yao, wakatunga tungo fupi ziitwazo abhanga, si kwa Kisanskriti cha makuhani, bali kwa Kimarathi kinachosemwa sokoni na jikoni.

Miongoni mwao alikuwapo mwanamke mmoja ambaye hata ufundi wa kutajika hakuwa nao. Alikuwa mjakazi. Jina lake Janabai.

Habari za maisha yake ni chache, na nyingi zimetufikia kwa midomo ya waimbaji. Alizaliwa Gangakhed, penye mto Godavari, kwa wazazi wa tabaka la chini. Mama yake alifariki Jana angali mtoto. Baba alimchukua mpaka Pandharpur, akamwacha katika nyumba ya Damasheti, mshona nguo, ili apate chakula na malazi kwa kutumika. Katika nyumba hiyo ndimo alimokuwamo Namdev, ambaye kwa mapokeo alizaliwa mwaka 1270. Inadhaniwa Janabai alimzidi Namdev umri kidogo, hivi kwamba huenda ndiye aliyembeba mgongoni mtoto ambaye baadaye angemwita bwana.

Nyumba ilikuwa na watu wengi: Damasheti na mkewe Gonai, kisha Namdev na mkewe Rajai, na wana wao wanne, na baadaye wake za wana hao. Watu wote hao walikula, na kila walichokula kilipitia mikononi mwa Janabai. Alichota maji. Alifagia. Alifua nguo mtoni. Aliokota mavi ya ng'ombe, akayafinyanga kama mikate, akayaanika juani yawe kuni. Zaidi ya yote, alisaga.

Msomaji aliyelelewa penye kinu na mchi aelewa kazi ya unga ni nini. Katika nchi ya Wamarathi mtama na uwele vilisagwa kwa kijaa, yaani mawe mawili ya duara yaliyopandana. La chini halisogei. La juu lina tundu katikati la kutilia nafaka, na karibu na ukingo limechomekwa mpini wa mti. Mwanamke huketi chini, hushika mpini kwa mkono mmoja na kulizungusha jiwe, na kwa mkono mwingine hutia nafaka gao kwa gao. Kazi hiyo ilianza kabla ya kupambazuka, maana unga wa siku ulisagwa siku ile ile. Ni kazi ya watu wawili. Wakiketi wakitazamana, wakashika mpini mmoja, jiwe huwa jepesi na mazungumzo huenda. Mtu mmoja peke yake huchoka bega, na usingizi humwelemea.

Kwa hiyo wanawake waliimba. Wimbo wa kijaa huitwa ovi, nao hufuata mzunguko wa jiwe. Na Janabai, ambaye hakuwa na mwenzake wa kushika upande wa pili wa mpini, aliimba kwamba yupo aliyekuja. Vithoba mwenyewe, mungu wa kwenye tofali, alishuka hekaluni usiku akaja kuketi mbele yake na kusaga pamoja naye.

Habari hiyo imejaa katika nyimbo zake. Mungu amchotea maji. Mungu afagia, naye ayazoa mataka. Mungu amwosha nywele, amchana, amtoa chawa, kama mama afanyavyo kwa binti yake kizingitini jioni. Na kwa kuwa mama alikufa mapema, Janabai amwita mungu huyo wa kiume kwa jina la kike, Vithabai. Wapo wataalamu walioandika mengi juu ya jambo hilo. Pengine halihitaji mengi. Yatima alimpa Mungu wake kazi ambayo hakuna aliyepata kumfanyia.

Wala hakumnyenyekea wakati wote. Katika nyimbo zake humo maneno ya mapenzi, humo na ya ugomvi. Humkaripia Vithoba akichelewa, humtukana. Katika wimbo mmoja atangaza kwamba ataingia sokoni bila kujali utaji umeteleza kichwani, watu waseme watakavyo. Kwa mwanamke wa zama zile, tena mtumishi wa nyumba ya watu, hayo hayakuwa maneno madogo.

Je, mtu kama huyo ni guru? Hapa hapana budi kumrejea bwana wake, maana Namdev naye alipimwa, na kipimo hicho kilikuwa cha fedheha.

Yasimuliwa kwamba siku moja watakatifu walikusanyika kwa Gora, mfinyanzi. Alikuwapo Dnyaneshwar, kijana mwanachuoni ambaye mwaka 1290 alikamilisha sherehe mashuhuri ya Bhagavad Gita kwa Kimarathi. Alikuwapo pia dada yake Muktabai, msichana mdogo mwenye ulimi mkali. Muktabai aliona kijiti cha mfinyanzi, akauliza ni cha nini. Gora alijibu kwamba hukigongea vyungu ili ajue vipi vimeiva na vipi ni vibichi. Msichana akasema, basi na avigonge vyungu hivi vilivyoketi hapa. Gora akapita akiwagonga vichwa wageni wake. Wote walivumilia kimya. Alipofika kwa Namdev, ambaye alijiona rafiki wa karibu wa mungu, Namdev aliruka kwa hasira. Gora akatoa hukumu: hiki bado kibichi.

Namdev alilia mpaka hekaluni, akaambiwa kwamba upungufu wake ni kukosa guru. Alipelekwa kwa mzee aliyeitwa Visoba Khechar. Alimkuta hekaluni amelala, miguu yake ameipandisha juu ya jiwe takatifu la mungu Shiva. Namdev akashtuka, akamtaka aiondoe. Mzee akamwomba amsaidie kuihamishia mahali ambapo Mungu hayupo. Kila Namdev alipoiweka miguu ile, jiwe takatifu lilichomoza chini yake. Hapo ndipo alipofahamu, akakaa kuwa mwanafunzi.

Yampasa msomaji atambue kwamba fundisho alilolipata Namdev kwa taabu hiyo, kwamba Mungu hakufungiwa hekaluni, mjakazi wake alikuwa akiliimba jikoni. Yeye hakungoja kumwona Vithoba penye tofali lake. Alimwona penye kijaa, penye kisima na penye lundo la samadi. Hata hivyo Janabai hakujiita mwalimu. Kwa desturi ya abhanga mtungaji hutaja jina lake mwishoni mwa utungo, na yeye hujitaja kuwa ni Jani, mjakazi wa Nama. Nama ni Namdev. Ilikuwa heshima kwa guru wake, na ilikuwa pia hesabu kamili ya hali yake duniani. Tungo zaidi ya 300 zinazobeba jina hilo zilihifadhiwa ndani ya mikusanyo ya tungo za Namdev, kama vile mali ya mtumishi iwekwavyo ndani ya sanduku la bwana. Wachunguzi hubishana ni zipi alizozitunga mwenyewe na zipi ziliongezwa na waimbaji wa baadaye. Bila saini ile ya mjakazi, hata ubishi huo usingekuwapo.

Kuna visa viwili juu yake ambavyo vinafaa kusomwa na kila nyumba yenye mtumishi.

Cha kwanza ni cha kidani. Usiku mmoja Vithoba alikuja kwa Janabai, akasaga naye, akachoka, akalala chumbani mwake. Kulipokucha aliamka kwa haraka asije akakosekana hekaluni wakati wa ibada ya asubuhi. Katika haraka hiyo alijitanda blanketi la viraka la mjakazi, akasahau kidani chake cha dhahabu. Makuhani walipofungua mlango waliona sanamu imevaa matambara, na dhahabu haipo. Hawakuuliza sana. Walikwenda moja kwa moja kwa mjakazi, wakapekua, wakakiona kidani. Naye akahukumiwa kufa kwa kuchomekwa juu ya mti uliochongwa ncha, ukingoni mwa mto. Mti ulipokwisha simikwa, Janabai aliita jina la mungu wake, na mti ule ukayeyuka ukawa maji.

Mtu atakavyoipokea miujiza ni shauri lake. Lakini sehemu ya kwanza ya kisa hicho haina muujiza hata kidogo. Kitu kimepotea nyumbani, na kabla swali halijaulizwa, miguu imekwisha elekea chumba cha mtumishi. Waliokisimulia kisa hiki kwa karne nyingi walikuwa wakulima na vibarua, nao walilijua jambo hilo bila kufundishwa.

Cha pili ni cha samadi. Janabai aligombana na mwanamke mwenzake juu ya mikate ya samadi iliyochanganyika, ipi yake na ipi ya yule. Inasimuliwa kwamba Kabir, mfumaji na mshairi mashuhuri wa Banaras, alikuwa amefika kumwona mtakatifu huyo, akashangaa kumkuta akipiga kelele kwa sababu ya mavi ya ng'ombe. Janabai akamwambia aisikilize mmoja mmoja kwa sikio. Ile itakayosema Vitthal ndiyo aliyoifinyanga yeye. Kabir akaisikiliza, na kweli ikasema. Kwa hesabu ya miaka wawili hao hawangeweza kukutana, maana Kabir aliishi karne ya 15. Waimbaji hawakujali. Walitaka mwanamume msomi wa njia ya Mungu aje ainame, aweke sikio kwenye kazi ya mikono ya mjakazi.

Kisa hicho kina ndugu yake. Mwaka 1338 Chokhamela, yule Mmahar, alifanyishwa kazi ya kujenga ukuta wa mji wa Mangalvedha. Ukuta ukawaangukia wajenzi, akafa pamoja na wengine. Namdev alikwenda kutafuta mifupa yake katika rundo la wafu, akaitambua kwa kuisikiliza, maana mifupa ya Chokhamela ilikuwa ikitaja jina la Vitthal. Aliileta Pandharpur, akaizika mbele ya mlango wa hekalu. Ndani ya hekalu hilo Chokhamela hakuruhusiwa kuingia maisha yake yote, wala watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa kwa karne sita baadaye. Mlango ulifunguliwa kwao mwaka 1947, baada ya mwalimu na mwandishi ajulikanaye kwa jina la Sane Guruji kufunga kula akidai haki hiyo.

Yafaa sasa kurudi penye kijaa, kwa sababu hapo lipo jambo linalopitwa na wengi. Mungu alisaga. Mungu alichota maji, alifagia, alizoa samadi. Namdev hakusaga. Namdev alikuwa hekaluni akiimba, au safarini. Alikwenda mbali sana, hata Punjab, na tungo zake 61 zimo katika kitabu kitakatifu cha Masingasinga. Huko nyumbani, kwa mapokeo, mama yake Gonai na mkewe Rajai walinung'unika, na zipo tungo zilizotiwa vinywani mwao zinazomlaumu kwamba hakuleta riziki, amezama katika Vithoba wake, na watoto wana njaa. Rajai aliwahi kuazimwa na mke wa jirani jiwe la ajabu la kugeuza chuma kuwa dhahabu. Namdev alipolijua hilo alilitupa mtoni. Jirani walipokuja kulidai kwa hasira, aliingia majini akatoka na gao la kokoto, zote za uwezo ule ule. Ni kisa kizuri cha kuidharau mali. Lakini Rajai jioni ile alipika nini, waliosimulia hawakuona haja ya kutuambia.

Utakatifu wa bwana ulibebwa na bega la mjakazi. Haisemwi kwa kumdharau Namdev, aliyeiinamia mifupa ya mtu aliyehesabiwa najisi katika zama ambazo wenzake wangejitenga. Ila ni kweli kwamba katika nyumba yenye watu wazima wengi, haikuwapo mikono mingine ya kushika upande wa pili wa mpini isipokuwa ya Mungu. Wimbo wa Janabai ni wa furaha. Ukisikilizwa vizuri ni shtaka pia.

Na aliendelea kuwa mjakazi. Hapana kisa kinachosema aliachiliwa, akapewa nyumba, akaketishwa juu ya zulia. Yasimuliwa aliaga dunia mwaka 1350, sawa na Namdev. Ngazi ya mlango mkuu wa hekalu inaitwa kwa jina la Namdev, ambaye aliomba azikwe hapo ili miguu ya wacha Mungu impitie. Janabai, kwa mapokeo, aliishia hapo hapo.

Habari za watakatifu hawa zilikusanywa na kutiwa katika kitabu kikubwa mwaka 1762 na Mahipati, mtu ambaye ujana wake alikuwa karani wa hesabu za kijiji. Huenda ndiyo sababu alizipanga kwa uangalifu mkubwa, mtu na kazi yake, mtu na mji wake. Katika daftari la Mahipati mjakazi hakuachwa.

Yumo pia katika jamii hiyo ya watakatifu mwanamke mwingine ambaye shida yake haikuwa kijaa. Bahinabai alizaliwa mwaka 1628 katika tabaka la Wabrahmani, la juu kuliko yote. Aliozwa angali mtoto mdogo kwa mjane wa miaka 30, mtu wa elimu ya dini. Familia ilipokuwa Kolhapur alisikia tungo za Tukaram, mwenye duka wa kijiji cha Dehu, wa tabaka la chini, naye akamwona ndotoni akimpa fundisho. Tangu hapo akamtaja kuwa ndiye guru wake. Kwa mume wake hiyo ilikuwa aibu mara mbili, kwamba mke ana guru, na guru mwenyewe ni mtu wa chini. Alimpiga, hata akiwa mjamzito. Kisha mume aliugua kwa muda mrefu, mke akamwuguza, na ugonjwa ule ukamlainisha moyo, hata wakahamia Dehu pamoja.

Bahinabai aliyaandika hayo mwenyewe, kwa tungo, na kitabu chake kinahesabiwa miongoni mwa habari chache sana za maisha zilizoandikwa na mwanamke wa India wa zama hizo. Ndani yake auliza pasipo kuficha jinsi mwili wa mwanamke, ulio chini ya amri ya mwingine, unavyoweza kumfikia Mungu. Jibu lake, la kuwa mke mtiifu na mcha Mungu kwa pamoja, halitawaridhisha wasomaji wote wa kike leo. Lakini swali aliliandika yeye, kwa jina lake, na halijafutika. Alifariki mwaka 1700.

Siku hizi mahujaji wa Pandharpur, waitwao Wavarkari, huenda kwa miguu kila mwaka kwa sikukuu ya mwezi wa Ashadh, unaoangukia Juni au Julai. Misafara miwili mikubwa hutoka Alandi, penye kaburi la Dnyaneshwar, na Dehu, kwa Tukaram. Mwendo ni wa kama kilomita 250, majuma matatu hivi, mvua zikiwa zimeanza. Watu huhesabiwa kwa malaki. Wanawake wengi hubeba kichwani chungu kilichopandwa mrihani, mmea mtakatifu wa Vithoba, na njiani huimba nyimbo za walimu hao, za Janabai zikiwamo. Hekalu lenyewe nalo limebadilika. Kwa vizazi vingi huduma ya madhabahu ilikuwa urithi wa koo chache. Mahakama Kuu kabisa ya India ilikata kauli mwaka 2014 kwamba haki hiyo imekwisha, na mwaka huo huo kamati ya hekalu ikafungua nafasi za ukuhani kwa watu wa tabaka nyingine, na kwa wanawake.

Lakini shule ya Janabai haikuwa hekalu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa mji wa Pune, wakiongozwa na Hema Rairkar na Guy Poitevin, walizunguka vijijini wakikusanya nyimbo za kijaa kutoka kwa wanawake walioziimba, wengi wao wasiojua kusoma. Walipata zaidi ya nyimbo 100,000, kutoka vijiji zaidi ya 1,000. Zimo nyimbo za mume mlevi, za kaka asiyekuja kumtembelea dada aliyeolewa mbali, za ukame, za binti anayeozwa. Na mara kwa mara humo hutajwa Jani na Vithoba wakiwa wameketi wakitazamana, mpini mmoja mikononi mwao. Mwimbaji humwita Jani kama mtu amwitavyo jirani wa nyumba ya pili.

Kazi hiyo ya kukusanya ilifanywa kwa wakati, maana mashine za kusaga zilikuwa zimekwisha ingia vijijini, na wanawake hawakuwa na sababu ya kuamka usiku. Hapana aliyejutia kazi. Baadhi walijutia nyimbo. Katika nyumba nyingi kijaa hubaki pembeni mwaka mzima, na hutolewa panapokuwa na arusi, manjano ya kumpaka bibi arusi yanapopaswa kusagwa. Hapo wanawake wawili huketi chini, hushika mpini, na mmoja wao huanza wimbo.